Re: Cubs na White Sox si wote wa Chicago?

Mkuu, umeuliza kwa nini mashabiki wa White Sox walinuna Cubs walipobeba ubingwa wa besiboli 2016, ilhali mji ni mmoja. Hapo ndipo penyewe! Cubs ni wa kaskazini mwa mji, Sox (White Sox) wa kusini. Treni ni ileile, Red Line: jezi za bluu za Cubs zinashuka kituo cha Addison, nyeusi za Sox zinaendelea hadi mtaa wa 35. Fainali wamekutana mara moja tu, 1906. Cubs walishinda mechi 116 msimu ule, halafu wakalala kwa Sox, mechi 4 kwa 2. Kidonda chenyewe sasa: Sox walitwaa ubingwa 2005 baada ya miaka 88, lakini dunia inaimba ule wa Cubs. Hata mimi ningenuna.