Mshauri anataka kumwandikia binti yangu insha ya chuo cha Marekani. Ni halali?

SWALI: Binti yangu anasoma kidato cha sita, PCB (fizikia, kemia na baiolojia), hapa Arusha. Anataka kuomba vyuo vikubwa vya Marekani. Tumeelekezwa kwa mshauri anayedai dola 3,500: 1,500 za kuanzia, na 2,000 binti akipata nafasi. Ameahidi lazima apate "angalau chuo kimoja cha juu". Anasema atakaa na binti saa moja, kisha insha ataiandika yeye. Barua za walimu naye ataziandaa, walimu wasaini tu. Ametuomba pia barua pepe na nenosiri la binti ili "asimamie kila kitu". Nilipohoji, akasema Wamarekani wenyewe ndivyo wanavyofanya. Ni kweli? Mtu alipwe kwa lipi, na lipi ni udanganyifu? – Mama, Arusha.

JIBU: Mama, usilipe hizo 1,500. Kama umeshalipa, soma mpaka mwisho, kuna mambo ya kufanya wiki hii.

Kumlipa mshauri si kosa. Marekani hiyo ni kazi inayojulikana na ina vyama vyake, kikiwemo IECA, chama cha washauri binafsi wa elimu. Kwa hiyo kama alimaanisha kwamba Wamarekani wanalipia ushauri, hapo kasema kweli. Asichokuambia ni kwamba vyama hivyo vinamkataza mwanachama kuahidi nafasi, na vinamkataza kupokea malipo kutoka chuoni kwa kumpeleka mwanafunzi huko. Ahadi aliyokupa ingetosha kumweka matatani na wenzake wa kazi.

Maombi ya vyuo vingi vikubwa hupitia mfumo wa mtandaoni unaoitwa Common App. Kabla ya kutuma, mwombaji anathibitisha kwamba kila alichowasilisha ni kazi yake mwenyewe, ni kweli, na kimeelezwa kwa uaminifu. Anakubali pia kwamba ikigundulika vinginevyo anaweza kunyang'anywa nafasi, kufukuzwa akiwa tayari anasoma, hata kufutiwa shahada. Anayeweka saini hapo ni binti yako. Mshauri hasaini popote. Likiharibika, yeye ana dola zake na anatafuta mteja mwingine.

Sasa insha, maana hapo ndipo wazazi wengi wanapochanganyikiwa. Insha kuu ya Common App ina maneno 250 hadi 650. Hakuna anayetegemea kwamba mtoto wa miaka 18 ataiandika bila mtu yeyote kuisoma. Mwalimu wa Kiingereza anaweza kuisoma, dada yake anaweza, na mshauri wa kulipwa anaweza. Mimi hutumia kipimo kimoja tu: msaidizi anauliza maswali, sentensi zinatoka kwa mwombaji.

Nikuonyeshe kwa mfano. Tuseme una duka la dawa na binti hukusaidia Jumamosi. Rasimu yake ya kwanza inasema: "Kila Jumamosi humsaidia mama dukani. Nimejifunza uwajibikaji na upendo kwa jamii." Mshauri mwaminifu anaandika pembeni: "Jumamosi ipi? Nani aliingia? Alitaka nini? Wewe ulifanya nini kabla ya kumwita mama?" Binti anakwenda kufikiri, anarudi na hii: "Mwanamume mmoja alitaka vidonge vinne tu vya antibayotiki kwa sababu hela ya dozi nzima hakuwa nayo. Nilijua kutoka darasani kwamba vinne havitamponyesha na vitawafundisha bakteria kuvumilia dawa. Lakini alikuwa amesimama mbele yangu anaumwa. Nilimwita mama, na mpaka leo sijui kama ningekuwa peke yangu ningemwambia nini." Hapo ofisa wa udahili ameshaona binti anavyofikiri, na hakuna mtu mwingine Arusha nzima ambaye angeandika hayo. Yule mshauri wako, kwa saa yake moja, angeandika: "Biashara ya familia iliniamshia shauku ya kuleta mapinduzi katika afya ya jamii barani Afrika." Sentensi hiyo inaweza kubandikwa kwa mtoto yeyote. Maofisa husoma maelfu ya insha kila mwaka, na za namna hiyo wamezizoea. Wanazo pia barua za walimu na majibu mafupi ya maswali mengine ya fomu, na pengine mahojiano. Insha ikiongea kama mkurugenzi wa shirika huku majibu mafupi yanaongea kama mwanafunzi, pengo linaonekana.

Kuonyesha kosa la kisarufi kunaruhusiwa. Kumwambia aya ya tatu inachosha, sawa. Kufuta aya ya tatu na kumwekea yako si sawa, hata kama yako ni nzuri zaidi. Ndivyo ilivyo pia kwa programu za akili mnemba: kanuni za Common App zinahesabu kuwa ni udanganyifu mwombaji akiwasilisha maudhui yaliyotungwa na programu kana kwamba ni yake.

Barua za walimu ni suala zito zaidi, kwa sababu hapo mshauri anaingia kwenye kughushi. Utaratibu ni huu: binti anaingiza jina na barua pepe ya mwalimu, mfumo unampelekea mwalimu kiungo moja kwa moja, mwalimu anaandika na kupakia barua mwenyewe. Mtu anayesema "nitaziandaa" mara nyingi maana yake atafungua barua pepe kwa jina la mwalimu na kujibu yeye. Hiyo haina jina lingine. Naelewa kwetu mwalimu mwenye wanafunzi sitini darasani huweza kumwambia mtoto, "Andika wewe, nitasaini." Hana nia mbaya, kachoka. Njia nzuri ni binti ampelekee ukurasa mmoja wa mambo ya kweli: jaribio la maabara lililomshinda mara ya kwanza, mada aliyowaelekeza wenzake, alama zake kwa mihula yote. Mwalimu aandike kwa Kiingereza chake. Barua fupi ya mwalimu wa baiolojia anayemjua mtoto ina uzito kuliko kurasa mbili za sifa tupu. Kama shule haina mshauri wa wanafunzi, mwalimu wa taaluma au mkuu wa shule anaweza kujaza sehemu ya mshauri kwenye fomu.

Na asikubali mtu "amwongezee" matokeo. Maombi yanakwenda Novemba mpaka Januari, wakati mtihani wa kidato cha sita ni Mei na matokeo hutoka Julai. Kwa hiyo chuo kitapokea kwanza matokeo ya kidato cha nne, alama za shuleni na makadirio ya walimu. Baadaye kitadai matokeo rasmi. Makadirio yaliyopambwa yanakutana na karatasi ya NECTA, Baraza la Mitihani, binti akiwa anafunga mabegi.

Huyo bwana aliposema Wamarekani wenyewe ndivyo wanavyofanya, nadhani alisikia habari za Rick Singer bila kusikia mwisho wake. Singer alikuwa mshauri wa udahili Newport Beach, California. Aliwaambia wazazi matajiri kwamba kuna mlango wa mbele wa kuingia kwa uwezo wa mtoto mwenyewe, mlango wa nyuma wa michango mikubwa, na mlango wa pembeni aliouvumbua yeye. Alimlipa mtu wa kuwafanyia watoto mitihani au kuwarekebishia majibu, na aliwahonga makocha wa vyuo waandike kwamba mtoto ni mwanamichezo wa kusajiliwa hata kama mchezo wenyewe hajui. Fedha zilipitia taasisi aliyoisajili kama ya hisani. Waendesha mashtaka wa Boston walitangaza kesi hiyo tarehe 12 Machi 2019, na kiasi walichotaja kilizidi dola milioni 25. Mwigizaji Felicity Huffman, aliyelipa dola 15,000 ili majibu ya mtihani wa binti yake yarekebishwe, alihukumiwa kifungo cha siku 14. Kocha wa soka ya wanawake wa Yale, Rudy Meredith, alifungwa pia. Singer mwenyewe, Januari 2023, alipewa miaka mitatu na nusu. Kinachoniuma zaidi katika kesi ile ni kwamba baadhi ya watoto hawakujua wazazi wao wamefanya nini, na wapo waliopoteza nafasi zao.

Kuhusu ahadi ya "chuo cha juu": Harvard huchukua chini ya watu watano katika kila waombaji mia, na vyuo vya daraja hilo viko hapohapo au karibu. Hakuna mshauri anayeweza kuahidi hilo. Anayedai "nina mtu wangu ndani" ama anakudanganya, ama anakualika kwenye rushwa. Muulize pia "cha juu" ni kipi kwa majina. Wengi hukwepa, kisha humwombea mtoto chuo kinachokubali karibu kila mtu, na wanadai dola 2,000 zao. Malipo ya kusubiri matokeo yana ubaya mwingine: yanampa mshauri sababu ya kupamba, kwa sababu fedha yake imefungwa kwenye barua ya kukubaliwa. Mlipe kwa saa au kwa kazi iliyoandikwa, ajue atalipwa hata binti akikosa.

Hujauliza kuhusu fomu za msaada wa fedha, lakini naona nikutahadharishe, maana hizo ni zako mzazi. Vyuo vingi vya aina hii hutumia fomu iitwayo CSS Profile, ambapo unaeleza mapato, biashara na mali. Vishoka huwashauri wazazi wafiche kiwanja au wapunguze mauzo ya duka. Usifanye hivyo, na kwa kweli huna haja. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst hawaangalii uwezo wa kifedha wanapoamua kumchukua mwanafunzi wa kigeni, na wakimchukua hufidia upungufu wote wa familia kadiri walivyoukokotoa. Kipato kidogo kilichoelezwa kwa ukweli hakimpunguzii binti nafasi hapo. Uongo mzito ukifika mpaka mbele ya ofisa wa viza unaweza kumfungia Marekani maisha yake yote.

Yapo ya kulipia bila hofu: kupanga orodha ya vyuo vinavyomfaa, kalenda ya tarehe, mazoezi ya SAT (mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani), mazoezi ya mahojiano, kusomewa insha na kuulizwa maswali. Ila kabla ya kulipa hata shilingi, waone washauri wa EducationUSA walio chini ya ubalozi wa Marekani Dar es Salaam. Ushauri wao ni bure na hawashirikiani na mawakala wanaolipwa kamisheni na vyuo. Majirani zetu Kenya wana mpango wa KenSAP, ambao tangu 2004 umekuwa ukiwaandaa bila malipo wanafunzi hodari, wengi wa familia maskini, na wameingia Harvard, Yale na Princeton. Kwa hiyo usikubali mtu akwambie mtoto asiye na fedha za kishoka hana njia.

Sasa, kama umeshalipa au umeshatoa nenosiri. Leo hii binti abadilishe nenosiri la barua pepe kwanza, kisha la Common App, na mshauri asipewe tena. Afungue sehemu ya walimu waliotajwa kwenye maombi na kusoma kila anwani ya barua pepe, herufi kwa herufi, kisha ampigie kila mwalimu kuhakikisha ni ya kwake. Isiyo yake aiondoe. Insha iliyowekwa na mshauri aifute na aanze upya. Tarehe za mapema ni 1 Novemba na nyingi za kawaida ni mwanzoni mwa Januari, muda bado upo. Mwandikie mshauri ujumbe mfupi kwamba mmesitisha kazi na mnaomba salio, na utunze risiti na ujumbe wote wa WhatsApp. Kama barua ya uongo imeshatumwa kwa jina la mwalimu, mkuu wa shule aandike mwenyewe kwa ofisi ya udahili ya chuo husika, kwa anwani ya shule, aeleze kwamba barua ile haikutoka shuleni na aambatishe ile ya kweli. Afanye hivyo kabla chuo hakijatoa majibu.