Meza ya pool iliyotumika: bei iko kwenye jiwe

SWALI: Nafunga baa yangu na nina meza ya pool ya futi 7, ya kutumbukiza sarafu, imetumika miaka sita. Mteja ananipa robo ya bei niliyonunulia kwa madai kwamba kitambaa kimechakaa. Nikubali?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Kwa sababu ya kitambaa, hapana. Kitambaa huchakaa kama tairi, na kinabadilishwa. Muulize fundi gharama ya kukibadilisha, upunguze hiyo tu.

Kinachobeba bei ni bamba lililo chini ya kitambaa: ni la jiwe au la mbao za kusindika? Ingiza mkono kwenye shimo, papasa ukingo wake, kisha mulika kwa tochi. Jiwe ni la kijivu, gumu na la baridi. Mbao za kusindika ni za kahawia, na zikiingiwa na bia huvimba na hazinyooki tena. Meza ya hivyo unauza fremu, mipira na mashine ya sarafu, basi. Bamba la jiwe la milimita 19 kwa meza ya futi 7 lina karibu kilo 100 peke yake, kwa hiyo meza ambayo watu wawili wanainua bila kuhema si ya jiwe.

Halafu bingirisha mpira polepole, kwa urefu na kwa upana. Ukivutwa upande uleule popote unapouanzishia, rekebisha skrubu za miguu ukitumia pimamaji. Ukipinda mahali pamoja tu, kasoro iko papo hapo: jiwe limepasuka, au fundi alibandika kitambaa kipya juu ya gundi ya zamani bila kuikwangua. Hilo la gundi ni la kawaida sana, na mteja asiyelijua atadhani jiwe limeharibika.

Bonyeza raba za ukingoni kwa kidole gumba. Raba iliyokufa imekauka kama ubao na mpira ukiigonga haurudi kwa nguvu. Ziko sita, zilizokufa ziingize kwenye hesabu.

Kagua pia mpira mweupe. Kwenye meza nyingi za sarafu ni mdogo, milimita 47.6, na mingine ni 50.8, kwa tofauti hiyo mashine huutenga na kuurudisha. Ukipotea mkaweka wa saizi ya mingine, ukitumbukia unafungiwa ndani. Tafuta wa saizi yake kabla mteja hajaja, na funguo za kisanduku cha hela ziwepo.

Hesabu yetu: anza na nusu ya bei ya leo ya meza mpya ya jiwe, toa kitambaa na raba mbovu. Usafiri alipe mnunuzi. Kama jiwe ni zima, robo ni ndogo mno.

SWALI: Nimenunua nyumba yenye meza ya futi 8 kwenye chumba cha chini. Natamani kuiuza, lakini majirani wanagawa zao bure. Kwa nini?
Msomaji, Columbus, Ohio

JIBU: Kwa sababu ya gharama ya kuihamisha. Meza nyingi za nyumbani za saizi hiyo zina jiwe la vipande vitatu. Likiwa na unene wa inchi moja, kila kipande kina karibu kilo 70. Fundi huvifungua, huvipandisha ngazi, huvipanga upya kwa pimamaji, hujaza viungo kwa nta, na mara nyingi huweka kitambaa kipya kwa kuwa cha zamani huchanika kikibanduliwa. Mnunuzi anayahesabu yote hayo kabla hajakupa hata dola moja.

Tafuta kibao cha jina. Brunswick Gold Crown, iliyotoka 1961, na Diamond bado zinatafutwa na wachezaji. Piga picha za kibao, jiwe kwa chini, na ngazi ya kutokea. Usiifungue mwenyewe: mnunuzi anataka kuijaribu ikiwa imesimama, na meza iliyolala vipandevipande gereji haimwonyeshi kitu.