Kwa Wanaoanza Kusoma Usalama wa Mbio za Magari: Anzeni na Mwili wa Dereva

Kwenu mnaoanza kusoma uhandisi wa usalama wa mbio za Marekani, zile za magari yenye magurudumu wazi yanayozunguka viwanja vya duara refu kama Indianapolis, ombi langu la kwanza ni kwamba mliweke kando kwa muda swali la nani alikosea. Nimesoma taarifa za ajali hizi kwa miaka mingi, na swali hilo limenifundisha machache mno. Lenye faida ni hili: ni kitu gani hasa kiliufikia mwili wa dereva, na kilipitia wapi?

Chukueni ajali ya Las Vegas ya tarehe 16 Oktoba 2011. Magari 34 yalianza mbio katika uwanja wa maili 1.5 ambao kona zake ziliinuliwa kiasi kwamba dereva aliweza kukanyaga mafuta mwanzo hadi mwisho bila kuachia, hivyo magari yakabaki yamesongamana, huku yakienda kwa kasi inayokaribia kilomita 350 kwa saa. Katika mzunguko wa 11, magari 15 yaligongana, na Dan Wheldon, mshindi mara mbili wa mbio za Indianapolis 500, alifariki. Tazameni kwa makini kinachotokea tairi la mbele la gari la nyuma linapogusa tairi la nyuma la gari lililotangulia. Upande wa nyuma wa tairi la gari lililotangulia unazunguka kuelekea juu, na tairi linaloligusa hulikwea, na gari zima huruka. Gari la Wheldon liliruka hadi kwenye uzio, na kichwa chake kikagonga nguzo. Gari jipya alilokuwa amelifanyia majaribio mwaka uleule, ambalo lilianza mashindano mwaka 2012 likiwa na herufi za jina lake, liliwekewa kinga nyuma ya magurudumu ya nyuma ili kupunguza ukweaji wa namna hiyo.

Hata hivyo, kinga ile haikugusa njia nyingine iliyokuwa wazi, yaani kichwa cha dereva kilichojitokeza juu ya bodi. Tarehe 23 Agosti 2015 huko Pocono, gari lililokuwa mbele liligonga ukuta, na kipande cha pua yake kikamwangukia dereva Justin Wilson kwenye helmeti. Alifariki siku iliyofuata. Hakuna ustadi wa uendeshaji ambao ungemwokoa. Kioo kinene cha plastiki ngumu chenye fremu ya titani, kinachomzunguka dereva, kilianza kutumika rasmi mwaka 2020, na kwa maoni yangu miaka mitano ilikuwa mingi mno kwa hatari iliyokwisha kujulikana.

Kuhusu kuta, fahamuni kwanza kwamba nishati ya gari huongezeka kwa mraba wa kasi yake, kwa hiyo kazi ya ukuta mzuri ni kurefusha muda wa gari kusimama. Ukuta wa mirija ya chuma wenye matofali ya povu nyuma yake, uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha Nebraska na kufungwa Indianapolis mwaka 2002, hufanya hivyo kwa kubonyea. Dereva Greg Moore hakuwa na kinga hiyo mwaka 1999 huko Fontana, gari lake lilipoteleza juu ya nyasi na kuufikia ukuta wa zege wa ndani, naye akafariki.

Jihadharini pia na hatari inayoingia pamoja na dawa. Baada ya moto uliowaua madereva Eddie Sachs na Dave MacDonald huko Indianapolis mwaka 1964, petroli iliachwa na methanoli ikashika nafasi yake. Methanoli huzimika kwa maji, lakini mwali wake hauonekani mchana. Mwaka 1981 dereva Rick Mears aliungua usoni katika kituo cha kujazia mafuta cha kando ya njia ya mbio, akizungukwa na watu ambao hawakuuona moto wenyewe.

Mwisho, msisome ajali zilizotokea peke yake. Mwezi Aprili 2001, katika uwanja wa Texas, madereva wengi walianza kulalamikia kizunguzungu baada ya mazoezi, kwa sababu kwenye kona miili yao ilibanwa kwa nguvu inayozidi mara tano ya uzito wao, tena mzunguko baada ya mzunguko. Madaktari waliwahoji, wakalinganisha majibu yao na vipimo vya magari, na kuwaeleza viongozi kwamba dereva anaweza kupoteza fahamu akiwa katika kasi ile. Mbio zilifutwa siku yenyewe ya mashindano, tiketi zikiwa zimeshauzwa. Katika faili zote nilizowahi kupitia, hiyo ndiyo ningependa muifungue kwanza.