Je, kuchoka kuomba ni kukosa imani?

Pole sana, ndugu yangu. Umeuliza kama kuchoka kuomba jambo lile lile ni dalili kwamba imani yako imekufa. Hapana. Soma Zaburi ya 88 taratibu: mtu analia mchana na usiku, na zaburi inaishia gizani bila jibu, lakini bado anamwita Bwana “Mungu wa wokovu wangu”. Hiyo nayo ni imani, tena imani kubwa. Mtume Paulo aliomba mara tatu “mwiba” wake, yaani shida iliyomtesa, umtoke. Haukutoka, akaambiwa na Bwana “neema yangu yakutosha”. Anayekwambia hujajibiwa kwa sababu imani yako ni haba anakuongezea mzigo tu, usimsikilize. Ukikosa maneno leo, isome zaburi hiyo kwa sauti iwe ndiyo sala yako, na umtafute mtu unayemwamini akuombee mpaka nguvu zikurudie.