Mji Mkongwe na marafiki wa dini tofauti: pangeni safari kwa saa za ibada

Kila ikikaribia Idi au Pasaka, watu wananitumia ujumbe uleule: "Dada, tunavuka Unguja na wenzangu, tupite wapi?" Wameshasikia habari za kanisa la Kianglikana la Mkunazini, kanisa Katoliki la Minara Miwili, msikiti wa kale wa Kizimkazi. Wana siku mbili au tatu na wanataka kuona vyote. Huwa nawajibu kwamba inawezekana, tena kwa raha, hata kama kundi lina Waislamu, Wakristo na mtu asiyeshika dini yoyote, ila wapange safari yao kwa saa za ibada. Ramani itawaonyesha kuwa kutoka Mkunazini hadi Minara Miwili ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Haitawaonyesha kuwa Ijumaa adhuhuri maduka mengi yanafungwa na vichochoro vinajaa watu wa msikitini, wala kuwa Jumapili asubuhi kanisa si mahali pa kuzungukazunguka na kamera.

Mimi ni Muislamu, mzaliwa wa Tanga, naishi Dar. Marafiki ninaosafiri nao ni mchanganyiko: Walutheri, Wakatoliki, Waislamu wenzangu na dada mmoja Msabato. Wikiendi kwetu sisi ni kitendawili kweli. Ijumaa ya huyu, Jumamosi ya yule, Jumapili ya hao wengine. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni kukaa pamoja na kulizungumza suala hili mapema, kabla hata tiketi za boti hazijakatwa. Nani ataingia wapi? Wapo Waislamu ambao nafsi zao hazitulii kuingia kanisani. Wapo Wakristo ambao hawatavua viatu mlangoni mwa hekalu la Kihindu. Hakuna haja ya kubishana wala kumwita mwenzako mshamba. Anayebaki nje akae barazani, anywe maji, asubiri, na wenzake wasimcheleweshe bila sababu. Kinachoharibu safari ni kulijua hilo getini, kiingilio kimeshalipwa na jua liko utosini.

Mkiweza, nendeni katikati ya wiki, Jumatatu hadi Alhamisi. Ikibidi iwe wikiendi, mpango unaotufaa sisi ni huu: kuvuka Ijumaa asubuhi ili wanaume wa Kiislamu wawahi sala, Mkunazini Ijumaa jioni baada ya alasiri, Jumamosi kwenda kusini Kizimkazi huku Msabato wetu akiwa kanisani kwao, na Jumapili kila Mkristo anasali anakosali. Mchana wa Jumapili tunakutana tena.

Sasa Mkunazini. Hapa ndipo nawasihi watu wasiwe na haraka. Katika eneo lile ndipo lilipokuwa soko la watumwa la Zanzibar, mpaka Juni 1873 Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza wa kulifunga na kupiga marufuku kusafirisha watumwa baharini. Krismasi ya mwaka huohuo liliwekwa jiwe la msingi la kanisa la Kianglikana, na Askofu Edward Steere ndiye aliyesimamia ujenzi. Msije mkatoka pale mnadhani kila kitu kilikwisha siku ile. Utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa kisheria visiwani hadi 1897. Mtembezaji mwenye haraka huiruka hiyo miaka ishirini na minne, nanyi mna haki ya kumuuliza.

Mtiririko ninaoupendekeza ni huu: anzeni na maonyesho ya historia ya biashara ya utumwa, halafu vyumba vya chini, kisha sanamu za kumbukumbu nje, na kanisa liwe la mwisho. Ukianza na kanisa unaona jengo zuri tu. Ukilimalizia unajua umesimama juu ya nini.

Vyumba vya chini vina dari fupi, hewa nzito na vidirisha vyembamba kama nyufa. Watembezaji husimulia kwamba watumwa walirundikwa humo wakisubiri kunadiwa. Wapo wanahistoria wanaolitilia shaka hilo, kwa kuwa jengo lililo juu yake lilijengwa na wamisionari kwa ajili ya hospitali baada ya soko kufungwa. Nalisema kwa sababu naamini mateso ya watu wale hayahitaji kuongezewa chumvi ili tuyaamini. Soko lilikuwepo, watu waliuzwa, na ushahidi wake umejaa kwenye maonyesho mliyotoka kuyaona. Muulizeni mwongozaji kwa adabu, "Tunajuaje?" Mwongozaji mzuri hulipenda swali hilo, na mazungumzo huwa mazito zaidi baada ya hapo.

Rafiki yetu mmoja huwa hashuki vyumbani kabisa. Anasema kifua kinambana. Hatumlazimishi, na nawaomba nanyi msimlazimishe wa kwenu.

Nje kuna shimo la mraba lililojengewa kwa mawe, na ndani yake wamesimama watu watano wa sanamu, kazi ya msanii wa Kiswidi Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Shingoni wana pete za chuma na mnyororo mmoja unawaunganisha. Kwa kuwa wako chini ya usawa wa ardhi, unawaangalia kwa juu, yaani unajikuta umesimama pale ambapo mnunuzi angesimama. Zungukeni pande zote. Kubalianeni mapema kwamba hapa hakuna kupiga selfi za kutabasamu. Mkipiga picha, iwe ya sanamu zenyewe.

Ndani ya kanisa, sogeeni karibu na madhabahu muangalie sakafuni. Kuna duara la marumaru nyeupe lililozungukwa na nyekundu. Inaelezwa kuwa hapo ndipo uliposimama mti ambao watumwa walifungwa na kuchapwa viboko ili mnunuzi apime uvumilivu wao, na nyekundu ile ni ya damu yao. Steere, aliyefariki 1882, amezikwa nyuma ya madhabahu hiyo. Mtu huyu, akisaidiwa na wenyeji, aliandika sarufi ya Kiunguja, yaani Kiswahili cha Unguja, na kutafsiri Agano Jipya, na Kiunguja ndicho baadaye kilichofanywa msingi wa Kiswahili sanifu mnachofundishwa shuleni. Mimi nisiye Mkristo nasimama pale na kumsomea shukrani moyoni, na sioni kama dini yangu inapungua. Kuna pia msalaba uliochongwa kutokana na mti wa kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, ambako moyo wa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi wa Kiskoti, ulizikwa 1873 kabla watumishi wake Chuma na Susi hawajaanza kuubeba mwili wake na wenzao hadi Bagamoyo. Ulizeni uko wapi, usije ukawapita.

Tengeni muda wa saa mbili nzima kwa Mkunazini, kisha msiende moja kwa moja kwenye nyumba nyingine ya ibada. Nendeni mkale. Darajani ni hatua chache, kuna urojo, kuna juisi ya miwa. Watu wakitoka pale wanahitaji kunyamaza kidogo, wengine wanahitaji kusema, na mezani yote mawili yanawezekana.

Minara Miwili, kanisa la Mtakatifu Yosefu, lina habari fupi zaidi. Wamisionari wa Kifaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu walilijenga miaka ya 1890, na mnaovuka kwa boti mtaiona minara yake mkiwa bado baharini. Ukiwa mtaani ni vigumu kulipata lote kwa jicho kwa sababu nyumba zimelibana kila upande. Ukitaka kuliona vizuri, panda kwenye mgahawa wowote wa ghorofani jirani. Nje ya saa za misa mara nyingi milango huwa imefungwa, kwa hiyo rafiki zangu Wakatoliki wamezoea kuhudhuria misa yenyewe, nami nafikiri wanalifaidi kuliko mtalii yeyote.

Kwa misikiti ya Mji Mkongwe, nawaomba Wakristo wenzetu msikilize kwa makini. Mtapita misikiti mingi bila kujua kwamba ni misikiti. Masultani wa Zanzibar wa ukoo wa Busaidi kutoka Oman walikuwa Waibadhi, dhehebu la Kiislamu tofauti na Sunni na Shia, na misikiti ya Kiibadhi ilijengwa bila mnara na bila madoido, mlango wake unafanana na wa nyumba ya jirani. Ndiyo maana mnara wa msikiti wa Malindi, wenye umbo la pia na mistari ya zigizaga, unawavuta watu sana. Uangalieni kutoka nje. Misikiti ya mjini ni ya kusalia, haina utaratibu wa kutembeza wageni, na asiye Muislamu asiingie bila kukaribishwa na mwenyewe. Mkimkuta mzee amekaa barazani, semeni shikamoo, jitambulisheni mmetoka wapi, ulizeni habari za msikiti wake. Nimeona mara nyingi wazee wakifurahi kusimulia, na wakati mwingine kukaribisha kwenyewe kunakuja baada ya hapo. Ukinyoosha simu kwanza na salamu baadaye, hupati kitu.

Msikiti wa kutembelea kwa kuingia ni wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa kisiwa, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa gari. Wageni hukata tamaa wakifika, maana kwa nje ni jengo la kawaida lenye paa la bati. Msirudi garini. Mtafuteni mwangalizi, subirini kama watu wanasali, vueni viatu, akina mama na dada mjitande vizuri, kisha muingie mtazame kibla. Kuta za mihrabu, yaani kibweta anachosimama imamu kuelekea kibla, zimechongwa maandishi ya Kiarabu ya mtindo wa Kikufi kwenye jiwe la matumbawe, herufi zimejikunja na kuchanua kama majani ya mmea unaotambaa. Yanataja mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107 wa Miladi. Msikiti ulijengwa upya karne ya 18, lakini maandishi yalihifadhiwa, na ni miongoni mwa ya kale kabisa yaliyobaki katika pwani yetu yote. Watu wa Dimbani wanaendelea kusali mbele ya maandishi hayo mpaka leo, na hicho ndicho kinachonigusa zaidi ya umri wake. Msiyaguse kwa vidole, matumbawe yanalika. Nje kuna makaburi ya zamani, msiyakanyage. Mkitoka kuna sanduku la mchango, tieni chochote, na siyo sarafu za chenji tu.

Hekalu la Kihindu la Hurumzi ni dogo na liko wazi kwa ibada asubuhi na jioni. Ukivua viatu na kuuliza kwa upole kama unaweza kuingia, kwa kawaida utajibiwa kwa upole. Picha za sanamu za ibada usipige bila ruhusa.

Kuhusu mavazi sina maneno mengi. Mwanamume avae suruali ndefu. Mwanamke avae gauni au dera linalofunika magoti na mabega, na kwenye mkoba kuwe na kanga moja au mtandio. Kanga ni bora kwa sababu inajitanda, inakaliwa, na inamsitiri rafiki aliyekuja na kaptula. Viatu viwe vya kuvua haraka. Mkienda Ramadhani, msile wala kunywa barabarani mchana, hata asiyefunga. Ila mkipata kuwa Unguja Ramadhani, mtaona mji wa usiku ambao miezi mingine haupo.

Kuna jambo la mapapasi, vijana wanaowafuata wageni kuwauzia huduma za kutembezwa. Ukishuka bandarini utaitwa kaka, dada, shemeji, na kila mmoja ana bei yake. Wajibuni kwa heshima, "Asante kaka, tuna mwenyeji wetu," na mwendelee kutembea. Mkihitaji mtembezaji, na kwa Mkunazini nashauri mumchukue, awe na kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii, na bei ikubaliwe kabla hamjaanza, kwa kundi zima na siyo kwa kichwa. Mwambieni mapema dini zenu ili asimkwaze mtu. Bebeni pia vitambulisho vyenu vya Taifa, maana sehemu nyingi Mtanzania hutozwa bei tofauti na mgeni. Fedha za viingilio, mtembezaji na sadaka zichangwe kabla ya safari kwa mtu mmoja mnayemwamini. Kutafuta chenji kila getini kunachosha kuliko jua.

Na kama boti yenu ya kurudi ni ya jioni na asubuhi mko huru, chukueni daladala mwende Mbweni, kusini kidogo mwa mji. Wengi hawafiki huko. Ndiko wamisionari wa Mkunazini walikowapa makazi watumwa walioachwa huru, na kuna kanisa dogo la Mtakatifu Yohana pamoja na magofu ya shule ya wasichana iliyosomesha watoto wao. Baada ya kuona soko walikouzwa watu, ni vizuri kuona pia mahali walipoanzia maisha upya, walipolima na kusoma. Jumapili ibada bado inafanyika, kwa hiyo ulizeni kwanza saa ya ibada, na mjipe muda wa kutosha wa kurudi bandarini kabla abiria hawajaanza kupanda boti.