Saratani ya Tumbo ya Seli za Pete ya Muhuri: Soma Takwimu za Kuishi kwa Tahadhari

Majibu ya biopsi (kipande cha mwili kilichopimwa maabara) yakitoka na maneno "seli za pete ya muhuri", watu wengi hukimbilia intaneti kabla hata hawajatoka hospitalini, wakitafuta jibu la swali moja tu: mgonjwa ataishi muda gani? Wanachokuta ni namba zilizochanganywa. Za hatua ya kwanza zimekaa na za hatua ya nne, za waliopasuliwa na wasiopasuliwa, za miaka ishirini iliyopita na za juzi. Ushauri wetu ni huu: usiishike namba yoyote mpaka ujue saratani imezama kina gani kwenye ukuta wa mfuko wa chakula, imegusa tezi ngapi za limfu, na kama kuna daktari aliyechungulia utando wa ndani ya tumbo kwa kamera. Jina la seli linatisha sana, lakini peke yake halielezi mengi.

Seli hizi hujaa ute hadi kiini chake kinasukumwa pembeni, ndiyo maana chini ya darubini huonekana kama pete. Ukali wake hautokani na umbo hilo. Unatokana na kutoshikana. Protini ya e-kadherini, ambayo kwa kawaida huzifunga seli pamoja, imepungua au haipo kabisa, basi seli hupenya moja moja chini ya ngozi laini ya ndani bila kujenga uvimbe wa kuonekana. Ukuta hunenepa na kukakamaa taratibu, na mwisho mfuko mzima unakuwa kama kiriba kilichokauka.

Hapo ndipo miezi ya thamani hupotea. Mgonjwa anashiba kwa vijiko vitatu, anapungua uzito, anapewa dawa za vidonda vya tumbo, na dalili zinatulia kidogo kwa sababu dawa ya kupunguza asidi inaweza kufanya hata kidonda cha saratani kionekane kinapona. Endoskopi (mrija wenye kamera unaopitishwa mdomoni) inafanyika, vipande viwili vinachukuliwa juu juu, majibu yanatoka safi. Kama ripoti ya endoskopi inasema mfuko hautanuki vizuri ukipulizwa hewa, au mikunjo ni minene isivyo kawaida, majibu hayo safi hayajamaliza kesi. Omba kipimo kirudiwe, vipande vinane au zaidi, vingine vichukuliwe palepale pa kwanza ili kifaa kizame chini zaidi, au kifanyike kwa endoskopi yenye ultrasaundi inayopima unene wa kila tabaka la ukuta.

Kuna jambo ambalo kurasa za kutisha huliruka. Saratani hii ikikamatwa ingali kwenye tabaka mbili za juu (kwenye ripoti huandikwa T1), matokeo baada ya upasuaji hayawi mabaya kuliko aina nyingine za saratani ya tumbo, na mara nyingi ni mazuri zaidi. Katika rekodi za hospitali za Japani na Korea Kusini, zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa wa kundi hilo huwa hai baada ya miaka mitano. Sifa mbaya ya ugonjwa huu imejengwa na waliogundulika wakati umeshavuka misuli ya ukuta, na kwa bahati mbaya hao ndio wengi.

Sasa tuje kwenye kipimo ambacho familia nyingi hazijui kukiulizia. Aina hii hupenda kusambaa kwenye peritoneo, yaani utando unaofunika viungo vya tumbo, kwa vijipunje vya milimita chache. Picha ya CT haivioni. Hata PET (picha inayopigwa baada ya kuchomwa sukari yenye mionzi) inaweza kuvipita, kwa kuwa seli zilizojaa ute hunywa sukari kidogo, na sukari ndiyo inayong'ara kwenye picha ile. Kinachoziba pengo hilo ni laparoskopi ya uchunguzi: kamera inapitishwa kwenye tundu dogo, tumbo linasuuzwa kwa maji ya chumvi ya hospitali, na maji hayo yanapelekwa maabara kutafutwa seli. Zikipatikana, ugonjwa unahesabiwa hatua ya nne hata kama CT ilisema hakuna kitu. Ni habari nzito, lakini ni bora ije kabla ya mtu kuondolewa mfuko mzima wa chakula kwa operesheni ambayo haiwezi kumponya. Tunaposikia "saratani ilirudi miezi mitatu baada ya operesheni", mara nyingi haikurudi. Ilikuwepo, ila haikutafutwa. Kwa mwanamke, ovari nazo zitazamwe, maana seli hizi hupenda kujificha huko.

Kuhusu namba zenyewe. Takwimu za Marekani kwa saratani zote za tumbo huonyesha kwamba ugonjwa ukiwa bado ndani ya mfuko, takriban asilimia 75 hufika miaka mitano. Ukiwa umefika kwenye tezi au viungo jirani, kama asilimia 35. Ukiwa umesambaa mbali, asilimia 7 hivi. Kwa seli za pete ya muhuri, makundi mawili ya mwisho kwa kawaida huwa chini ya hapo. Hatua ya nne inayotibiwa kwa kemo (dawa za kuua seli za saratani) ya kisasa, mediani ya kuishi ni mwaka mmoja hivi, wakati mwingine zaidi kidogo. Bila matibabu ni miezi michache.

Mediani si tarehe. Maana yake ni kwamba nusu ya watu waliishi chini ya muda ule na nusu waliuvuka, na katika nusu hiyo ya pili wapo waliouvuka kwa mbali sana. Ila usiifurahie bila kuuliza waliohesabiwa ni nani. Majaribio ya dawa huchukua wagonjwa wanaotembea na kujihudumia wenyewe. Anayeshinda kitandani zaidi ya nusu ya siku hamo kwenye hesabu hiyo, na dawa ileile yaweza kumdhuru kuliko kumsaidia. Vilevile hesabu hubadilika njiani: saratani hizi zikirudi, nyingi hurudi ndani ya miaka miwili au mitatu ya kwanza, kwa hiyo aliyekaa miaka mitatu bila dalili hapaswi kuendelea kujipimia kwa namba ya siku ya kwanza.

Kwa ambao ugonjwa unaweza kuondolewa, mpango unaotumika sana ni FLOT, mseto wa dawa nne: 5-FU, leukovorini, oksaliplatini na dosetakseli. Mizunguko minne kabla ya upasuaji na minne baada yake, kila mmoja wiki mbili. Katika jaribio la Ujerumani lililochapishwa mwaka 2019, waliopata FLOT walikuwa na mediani ya miezi 50 dhidi ya 35 kwa mpango wa zamani. Lakini angalia upande wa pili: walioweza kumaliza mizunguko yote minane walikuwa chini ya nusu. Wengi hukwama baada ya upasuaji kwa sababu wamekonda na hawana nguvu. Kwa maoni yetu, hapa ndipo familia inaweza kubadilisha matokeo kuliko mahali pengine popote, na silaha yake ni mizani.

Pima uzito mara moja kwa wiki, asubuhi, mizani ileile, uandike. Akipoteza asilimia 5 ndani ya mwezi (kwa mtu wa kilo 60 ni kilo 3), usisubiri kliniki ijayo. Mtafute daktari au mtaalamu wa lishe. Kama mfuko umebanwa kiasi kwamba hata uji haupiti, mrija wa kulishia unaowekwa kwenye utumbo mdogo kabla ya kemo ni bora kuliko kungoja mpaka misuli imeisha. Na homa ya nyuzi 38 wakati wa kemo ni safari ya hospitali saa hiyohiyo, hata usiku wa manane, maana kinga ikiwa chini maambukizi yanaweza kuua kwa saa chache. Paracetamoli ya kushusha homa nyumbani inaficha tu kinachoendelea.

Baada ya upasuaji dai ripoti ya patholojia, uisome. Mfano: ypT3 N1 (2/31) R0. Herufi "yp" zinaonyesha kipimo kilifanyika baada ya kemo. T3 ni kwamba seli zimevuka misuli lakini hazijatoboa utando wa nje. Tezi 31 zilikaguliwa, mbili zina saratani. R0 ni kwamba kingo zilizokatwa ni safi. Tezi zilizokaguliwa zikiwa chini ya 16, kinachoitwa "hatua ya pili" huenda ni hatua ya tatu isiyohesabiwa vizuri. Kingo nazo zina hila yake katika aina hii, kwa kuwa seli hutambaa chini ya ngozi inayoonekana nzima kwa macho. Muulize mpasuaji mapema kama kingo zitapimwa palepale kwenye chumba cha upasuaji, kabla hajaunganisha utumbo.

Aliyeondolewa mfuko wote hula milo sita hadi minane midogo. Protini ianze, wanga ifuate, kinywaji kingoje kama nusu saa. Akila sukari nyingi kwa mkupuo, dakika 10 hadi 30 baadaye moyo hudunda, jasho humtoka na tumbo husokota. Saa moja hadi tatu baadaye sukari ya damu inaweza kushuka hadi kizunguzungu. Sindano ya vitamini B12 ni ya maisha yote, kwani protini inayosaidia kuifyonza ilitengenezwa na mfuko ambao haupo tena. Upungufu wake huchelewa kujitokeza, wakati mwingine miaka, na ganzi ya miguu inayoletwa na oksaliplatini huuficha vizuri.

Ugonjwa ukiwa umesambaa, kabla ya dripu ya kwanza hakikisha kipande cha biopsi kimepimwa alama zinazoonyesha dawa ipi inaweza kufaa: protini za HER2, klaudini 18.2 na PD-L1, pamoja na hali ya MSI (hitilafu ya seli kushindwa kurekebisha makosa ya DNA). HER2 ni nadra kwa seli hizi. Klaudini 18.2 hupatikana mara nyingi zaidi, na dawa yake, zolbetuksimabu, huongeza miezi miwili au mitatu kwenye mediani. Kichefuchefu chake ni kikali, hasa dozi ya kwanza kwa ambaye bado ana mfuko wa chakula, kwa hiyo dawa za kuzuia kutapika zitangulie. MSI ikiwa ya juu, jambo lisilo la kawaida katika aina hii, tiba ya kuamsha kinga ya mwili ishambulie saratani inaweza kubadilisha picha yote.

Wahudumu wa tiba shufaa (huduma ya kupunguza mateso na kumtegemeza mgonjwa) waitwe mapema, si siku za mwisho. Katika jaribio la China lililochapishwa mwaka 2021, wagonjwa 328 wa saratani ya umio na tumbo iliyosambaa, waliopata msaada wa lishe na wa kisaikolojia tangu mwanzo pamoja na kemo walikuwa na mediani ya miezi 14.8; waliopata huduma ya kawaida, 11.9. Zipo dawa zilizoidhinishwa kwa faida ndogo kuliko hiyo.

Mwisho ni ndugu. Mgonjwa akiwa chini ya miaka 50, au kukiwa na mwingine kwenye ukoo mwenye saratani ya tumbo, au saratani ya matiti ya aina ya lobula (inayoanzia kwenye tezi za maziwa), omba kipimo cha CDH1, jeni la kutengeneza ile protini ya e-kadherini. Apimwe mgonjwa kwanza, maana ndugu mzima akipimwa kabla ya hitilafu ya ukoo kujulikana, majibu safi hayamwondolei hofu. Kama hali yake ni mbaya, damu ichukuliwe na kuhifadhiwa sasa. Ndugu atakayekutwa na hitilafu hushauriwa kuondoa mfuko wa chakula kabla haujaugua, mara nyingi akiwa na miaka 20 hadi 30. Asiyekuwa tayari hufanyiwa endoskopi kila mwaka kwa vipande takriban 30, na mwanamke huanza mapema uchunguzi wa matiti.