Mimba ya miezi mitano, visa imeisha

Barua tatu za leo zimetoka England. Msomaji wa Scotland au Wales asizitumie kama zilivyo, hasa ya pili, kwa sababu huko aliyekataliwa hifadhi ya ukimbizi hatozwi hospitalini.

SWALI: Nina mimba ya miezi mitano na visa yangu iliisha mwaka jana. Sijahudhuria kliniki hata mara moja, maana naambiwa hospitali hupeleka majina ya watu Home Office, wizara inayosimamia uhamiaji. Ni kweli au uvumi? – Msomaji, Birmingham

JIBU: Dada, nenda wiki hii. Unaweza kumwomba mkunga moja kwa moja kupitia tovuti ya hospitali ya karibu, lakini jiandikishe pia kwa daktari wa mtaa, yule tunayemwita GP. Kujiandikisha kwake na kumwona ni bure kwa kila anayeishi England, awe na karatasi au asiwe nazo. Fomu ya karatasi ni PRF1.

Wengi hukwama pale mapokezi. Unaombwa pasipoti na bili yenye anwani, huna, unarudi nyumbani ukiamini ndiyo sheria. Siyo. Mwongozo wa NHS, huduma ya afya ya taifa, unasema kukosa kitambulisho au uthibitisho wa anwani si sababu ya kumkataa mtu. Sema hivyo kwa upole. Wakishikilia, omba sababu kwa maandishi: wanatakiwa kukupa ndani ya siku 14. Ombi hilo peke yake mara nyingi hubadilisha jibu.

Hospitalini mambo ni mengine. Asiye na ruhusa ya kukaa hutozwa asilimia 150 ya gharama ya kawaida ya NHS, na uzazi waweza kuleta bili ya maelfu ya pauni. Hata hivyo huduma ya uzazi huhesabiwa kuwa ya lazima papo hapo. Hawaruhusiwi kuikataa wala kuichelewesha kwa sababu huna pesa. Ukiambiwa ulipe kwanza ndipo upimwe, aliyekuambia amekosea, na mkunga anajua hivyo, mwite yeye. Vipimo na dawa za VVU, kifua kikuu na malaria ni bure kwa yeyote.

Kuhusu majina, uvumi una chembe ya ukweli, na hatutakuficha. Ofisi ya hospitali inayotoza wageni inaweza kuiuliza Home Office hali yako ili ijue kama utozwe. Deni la pauni 500 au zaidi lililokaa miezi 2 huripotiwa, na ombi lako la visa la baadaye laweza kukataliwa kwa ajili yake. Kinga yako ni mpango wa malipo. Bili ikifika usiitupe kabatini. Waandikie mapato yako na matumizi yako, taja kiasi unachokiweza kweli, hata pauni 5 kwa mwezi, na usubiri kibali chao kwa maandishi. Deni lenye mpango unaoheshimiwa kwa kawaida haliripotiwi. Kinachowaangusha watu ni woga: mtu anaahidi pauni 100, mwezi wa pili anashindwa, na mpango unavunjika.

SWALI: Natoka Bukavu. Niko katikati ya tiba ya saratani na juzi ombi langu la hifadhi limekataliwa. Watanikatia dawa? – Msomaji, Leeds

JIBU: Pole sana, ndugu. Hawatakukatia. Kwanza, una siku 14 tangu barua ya kukataliwa ilipotumwa kukata rufaa, na rufaa ikiwa bado inasikilizwa hutozwi chochote. Pili, hata rufaa zikiisha, tiba iliyoanza ulipokuwa na haki ya bure inaendelea bure mpaka iishe. Ugonjwa mpya utakaoanza baadaye ndio utakaotozwa.

Ugomvi huja kwenye swali la tiba ile inaishia wapi. Umemaliza dawa za mishipani, sasa unatakiwa upasuaji: ni tiba ileile au nyingine? Anayeamua ni daktari bingwa, si karani wa bili. Kwa hiyo mwombe leo, kabla hakujawa na mabishano, barua yenye jina la ugonjwa, tarehe tiba ilipoanza na hatua zilizobaki. Nakala moja kaa nayo, nyingine mpe wakili.

Wakili, au mshauri aliyesajiliwa na Immigration Advice Authority, mamlaka ya washauri wa uhamiaji. Kesi za hifadhi zina msaada wa kisheria wa serikali kwa asiye na uwezo. Yule anayejazia watu fomu kwa pesa bila usajili anavunja sheria, na akikosea hizo siku 14 zinakupotea wewe, si yeye.

SWALI: Niliomba kuongezewa visa kabla haijaisha. Sasa tarehe imepita, jibu hakuna, na hospitali inasema sina visa. – Msomaji, Reading

JIBU: Unayo. Kifungu cha 3C cha sheria ya uhamiaji ya 1971 kinarefusha ruhusa yako ya zamani, kwa masharti yaleyale, mpaka ujibiwe. Waonyeshe barua pepe inayothibitisha siku uliyotuma ombi, tarehe ya mwisho ya visa ya zamani, na risiti ya ada ya afya. Usisafiri nje ya Uingereza kabla ya jibu, hata kwa msiba: ukitoka, ulinzi huo unakoma.